Vidoti vya Tazim

Niseme mapema: nilikuwa na wivu. Si wivu wa mume, huo niliumaliza ujanani. Huu ulikuwa wivu wa kazi, na anayesema wivu wa kazi ni mdogo hajawahi kukaa ofisi moja na Tazim.

Ofisi yetu ni nyumba ya kupanga Gongo la Mboto, vyumba vitatu na baraza, na mradi wetu ni wa lishe ya watoto wachanga. Niliuanza mimi pamoja na Daktari Deogratias, mkuu wetu, wakati ofisi haina hata feni. Mwaka wa pili akaja Tazim, kisha Blessing, kisha Shomari. Sote wanne tulikuwa wapimaji. Tunazunguka Chanika, Kimbiji na mitaa ya jirani na ofisi, tunaingia nyumba kwa nyumba na mzani begani, tunapima watoto wasiofikisha mwaka, tunajaza fomu: umri kwa miezi, uzito kwa kilo, mahali, na jina la aliyepima kwa mkato. Mtoto akionekana amepungua sana, mama yake anaandikiwa unga wa lishe. Kazi hiyo naijua kama ninavyolijua jiko langu.

Lakini Tazim alikuwa na cha ziada. Alikuwa na kompyuta mpakato yenye programu ya takwimu, na ndani ya programu ile namba zetu zilikuwa zinageuka picha. Kila mtoto anakuwa kidoti kimoja. Umri unausoma chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Uzito unausoma pembeni, kutoka chini kwenda juu. Watoto mia tano wanatawanyika kwenye kioo wote kwa pamoja. Halafu anaandika neno moja tu, vidoti vinapata rangi kwa makundi: Kimbiji bluu, Chanika kijani, Gongo la Mboto machungwa. Akiandika lingine, kila rangi inachorewa mstari wake unaopita katikati, na hapo hata mlinzi wa getini angeweza kukuonyesha ni wapi watoto wananenepa na wapi wanasinyaa.

Daktari Deogratias alikuwa anapiga makofi. Mtu mzima, na miwani yake, anapiga makofi ofisini. "Tazim wetu huyu!" anasema. "Mnaona data inavyoongea?"

Na mimi nimekaa pale nimenuna. Data inaongea, sawa, lakini miguu ya nani iliifuata? Kuna kidoti kimoja cha kijani kule Chanika ambacho kilinikatia ndala kwenye tope na nikarudi nyumbani peku. Kuna vya Kimbiji nilivyovifuata juani mpaka kichwa kikaniuma siku mbili. Tazim anavipaka rangi dakika moja, makofi anapata yeye. Roho iliniuma, tena ilinikereketa hasa.

Kibaya zaidi, hakunipa sababu ya kumchukia. Laiti angekuwa na maringo! Familia yao ni Wahindi wa Upanga, wafanyabiashara wa mabati, na siku ya kwanza nilijua tutaletewa binti wa kushika pua. Akaja msichana wa miaka ishirini na saba, kitambaa kichwani, anaingia mlangoni, "Shikamoo dada Mwajabu." Kila asubuhi. Ijumaa analeta kababu za kwao kwenye kontena, ananiwekea mimi kwanza. Mara mbili aliniambia, "Dada, ukitaka nitakufundisha hii programu, wala si ngumu." Mara mbili nikamjibu kwamba mie macho yangu hayapatani na vioo. Nilikula zile kababu, maana zilikuwa tamu, na kila tonge nililimeza na kijicho.

Mwezi wa sita Daktari akatutangazia kwamba awamu ya pili inakuja, na safari hii mradi utakuwa na msimamizi mmoja wa wapimaji wote. Mmoja kati yetu. Atachagua kabla ya mwezi kwisha.

Nilikuwa nimekisubiri kiti hicho miaka mitatu. Usiku huo sikusubiri kuota. Nilimwona Tazim amekikalia macho yangu yakiwa wazi.

Nikaanza kumchunguza. Nikakumbuka kwamba tukitoka kwenda mitaani, yeye hadi adhuhuri ana watoto kumi na wawili, mimi nina saba. Msichana wa Upanga anamalizaje watoto kumi na wawili Kimbiji, mahali ambapo mama mmoja tu atakushika nusu saa kwa salamu? Nikajiambia: huyu anapika namba. Anakaa chini ya kivuli, anajaza fomu kichwani. Na wazo hilo likanifurahisha kuliko inavyostahili.

Ningempata kwa silaha yake mwenyewe. Kama vidoti vinaweza kupewa rangi kwa mahali, vinaweza kupewa rangi kwa mpimaji. Aliyepika namba, vidoti vyake havitalala na vya wenzake.

Kwa wiki mbili, wengine wakitoka kwenda kula, mimi nilibaki ofisini na kompyuta ya zamani ya mapokezi na video za mafunzo kwenye simu. Bando lilikwisha, nikanunua lingine. Nilikosea, nikafuta, nikakosea tena. Programu ile ina roho mbaya. Ukisahau mkato mmoja inakataa kila kitu. Lakini wivu una bidii, jamani. Siku ya tisa vidoti vyangu vya kwanza vilitokea, vyote vyeusi, na nusura nipige kigelegele.

Yaliyobaki ni makundi. Mtu wa kwenye video alishauri uandike majina kamili ya makundi mapema, kabla ya kuchora, ili ufunguo wa rangi pembeni ya picha utoke safi. Nikayaandika kwa utaratibu wa ofisi yetu, na wa ofisi yoyote yenye adabu: aliyetangulia mbele, aliyefuata afuate. Mwajabu, Tazim, Blessing, Shomari. Nikabonyeza.

Rangi nne. Mistari mitatu ilikuwa imelaliana, huwezi kuitenganisha. Wa nne, mwekundu, ulikuwa umejitenga juu, nusu kilo nzima, kuanzia watoto wa mwezi mmoja hadi wa kumi na moja. Kama ni kweli, basi kuna mtu kila nyumba anayoingia anakuta watoto wanene kuliko wanaokutwa na wenzake. Nikashuka na macho mpaka kwenye ufunguo. Nyekundu: Tazim.

Nilicheka peke yangu. Nikatoka barazani, nikanunua maji ya baridi, nikarudi nikauangalia tena ule mstari. Sijawahi kufurahia picha kiasi kile, hata ya harusi yangu.

Alhamisi tuna kikao cha wiki. Nikaomba nafasi. Daktari akashangaa, lakini akaniunganishia kompyuta kwenye projekta, na mchoro wangu ukajaa ukutani.

"Bi Mwajabu! Umechora wewe?" akauliza.

"Nimechora mie," nikasema. "Wala haikunishinda. Hivi ni vidoti vya watoto wetu wote, rangi kwa mpimaji. Watatu tunakubaliana. Mmoja, watoto wake wote wamenenepa ghafla. Nusu kilo kila mmoja! Sasa mie sisemi mtu anapika namba. Nauliza tu, maana sie wengine tunaumia juani."

Blessing alifunika mdomo. Shomari akasema polepole, "Duh, hii ishu." Daktari alisogea ukutani, akasoma ufunguo, akageuka kumtazama Tazim.

Tazim hakuwa amekasirika. Alikuwa anautazama mchoro kwa makini, kisha akanitazama mimi, na usoni mwake nikaona kitu ambacho nilikidhania ni hofu. Akainuka. "Dada Mwajabu," akasema kwa sauti ya chini, "tuongee kidogo nje, mie na wewe."

"Nje kuna nini? Ongea hapa hapa, wote wasikie."

"Dada, nakuomba."

"Hapa hapa!"

Daktari akamwambia, "Tazim, kama una maelezo, tupe."

"Majina ya kwenye ufunguo yamekaa vibaya," akasema hatimaye. "Programu inayapanga makundi yenyewe kwa alfabeti, kufuata yale majina ya mkato ya kwenye fomu. Anaanza Blessing, anafuata Mwajabu, Shomari, halafu mie. Ukiandika majina kwa mpangilio mwingine, inayabandika hivyo hivyo bila kuuliza. Hata mie nilikosea hivyo nilipoanza."

Akainama kwenye kompyuta yangu, akafuta ule mstari wangu wa majina, akachora upya. Vidoti havikusogea hata kimoja. Majina tu ndiyo yaliyohama. Nyekundu: mwj.

Feni ilikuwa inazunguka. Shomari aligundua kwamba simu yake inahitaji kutazamwa. Mimi nilikuwa bado nimeshika rula niliyokuwa naonyeshea mchoro, na sikujua pa kuiweka.

"Bi Mwajabu," akasema Daktari, "watoto huwa unawapimaje?"

Nikawaambia, ningefanyaje? Maelekezo yanasema mtoto avuliwe kila kitu. Lakini mimi ni mtoto wa Mbagala, nimezaliwa na kukulia kwenye mambo haya. Mtoto aliyenona humvui mbele za watu ukamning'iniza kwenye mzani huku majirani wamejaa uani. Kila mmoja ana macho yake, na husuda haina hodi. Akina mama walikuwa wanasitasita, nami nilikuwa nawaambia, mwache na kisweta chake, mwache na kanga yake, watu wana macho. Walinipenda kwa hilo. Na kisweta kina uzito gani, nilijiuliza. Kumbe kisweta, kanga mbichi na nepi iliyolowa vinafika nusu kilo.

"Wangapi?" akauliza Daktari.

"Wangu wote."

Akavua miwani. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Kuna watoto waliopungua ambao kwenye fomu zako wanaonekana wazima," akasema. "Hao hawajaandikiwa unga."

Hilo lilinichoma, sitaki kudanganya. Niliwakumbuka wawili watatu, wembamba ndani ya visweta vikubwa. Lakini niseme na lililonichoma zaidi, maana nimeahidi kusema kweli: Tazim alikuwa ameshajua tangu anyanyuke kwenye kiti. Alikuwa ananiita nje kuniokoa.

Daktari akaamua watoto wangu wapimwe upya, tuanze na Kimbiji, mimi na Tazim pamoja. "Na nisikilizeni," akasema. "Kiti cha msimamizi hakihitaji mtu wa kuchora tu. Kinahitaji mtu atakayewafanya akina mama wakubali kuwavua watoto kwa hiari yao. Nitaangalia nani anaweza."

Nikapumua. Vidoti vilikuwa vyake, lakini akina mama walikuwa wangu. Binti wa Upanga atamwambia nini mwanamke wa Kimbiji kuhusu husuda?

Tulifika saa nne asubuhi na gari la mradi, viuno vimeteguka kwa makorongo. Kwenye baraza la ofisi ya serikali ya mtaa akina mama ishirini na kitu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, watoto mapajani. Nikatangulia. Nikamchagua Salma, mama niliyemzoea, mwanawe Anwar ana miezi saba na mashavu ya kushika.

"Salma mwanangu, leo tumvue Anwar kidogo, tumpime vizuri."

Akamvuta mtoto kifuani. "Si wewe ulonambia nisimvue? Ulisema watu wana macho. Mie nimewaambia na wenzangu wote."

"Nilisema, lakini..."

"Hayo macho yamekwenda wapi leo? Yamehama?"

Mikeka yote ikacheka. Nikajaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali, nikasema ni amri ya daktari. Mama mmoja wa nyuma akaanza kumfunga mtoto wake mgongoni aondoke. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamekaa vinywani mwao, na kila nililosema walinirudishia lile la zamani.

Tazim alikuwa amechuchumaa pembeni anapanga mzani. Akauliza, bila kumlenga mtu, "Kuna mwenye wanja hapa?"

Wakamtazama. Bibi mmoja akafungua ncha ya kanga, akatoa kichupa. Tazim akakipokea kwa mikono miwili, akaenda kukaa chini mbele ya Salma, mkekani, na sketi yake safi.

"Bibi yangu, Maryambai, hakuwahi kututoa nje bila wanja," akasema. "Tena si wa kupendeza. Doa kubwa baya, hapa pembeni ya paji la uso. Anasema mtu akimtazama mtoto jicho litaangukia kwenye doa, litaishia hapo. Nilikwenda shule na doa mpaka darasa la pili. Watoto walinichekaga hao!"

Salma akacheka. "Na nyie Wahindi mnaogopa macho?"

"Sie? Tunaogopa kuliko nyie."

Akamkabidhi Salma kichupa ampake mwanawe mwenyewe. Salma akachora doa kubwa kama kifungo cha koti. Kisha Tazim akaugeuza mzani, kioo cha namba kikaelekea ukutani, akasema kila mama ataiona namba ya mwanawe peke yake, na haitatamkwa. Salma akamvua Anwar kisweta, kanga, nepi, vyote. Anwar akapiga mateke ya furaha.

Tazim alinionyesha namba kwa kidole, nami nikaandika. Baada ya Salma wakajipanga wenyewe, kila mama na zamu yake ya wanja. Niliandika watoto ishirini na watatu. Sita kati yao walikuwa chini ya mstari wa hatari, na mama zao wakaandikiwa unga siku hiyo hiyo.

Mimi doa la wanja nalijua tangu tumboni mwa mama yangu. Nimelipakwa, nimewapaka wanangu wote watatu. Lilikuwa langu kabla halijawa lake, nami sikulikumbuka, kwa sababu miaka yote hii nilikuwa nimeshughulika kumtazama yeye. Niliandika namba huku wivu unanila. Kile kimoja nilichodhani hana, anacho, tena anakitumia kwa utulivu, bila hata kujua kwamba ameninyang'anya.

Saa nane, Tazim akiwa anafunga mzani kwenye gari, Daktari alinipigia simu. Alinipigia mimi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

"Wamekubali?"

"Wamekubali wote, Daktari. Ishirini na watatu."

"Safi sana! Nani kawatuliza?"

Nilimwona Tazim kwa mbali. Alikuwa anamchezesha Anwar kidole, na mwenyewe amepakwa doa la wanja kwenye paji la uso. Sijui mama gani alimpaka kwa utani.

"Mimi," nikasema.

Jumatatu Daktari alitangaza. Msimamizi wa awamu ya pili ni Bi Mwajabu: alikosea, akakiri, akarudi Kimbiji, na yeye ndiye aliyewatuliza akina mama pale wengine wangeshindwa. Alisema hivyo mbele ya wote. Blessing akapiga makofi. Shomari akasema, "Bosi mpya huyo!"

Nikamtazama Tazim. Niliyajua ninayostahili na nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu la kila neno ambalo angelisema. Nilikuwa tayari kugombana, kukana, hata kulia. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, na niliona wazi kwamba amesikia na ameelewa. Kisha akainuka, akaizunguka meza, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Hongera, dada Mwajabu," akasema. "Umekisubiri muda mrefu."

Nilimchungulia machoni kutafuta hasira. Sikuiona. Nikatafuta kejeli, nayo haikuwepo. Mwisho nikatafuta wivu, hata ule mdogo ambao mtu anaona akikuta jirani kanunua mapazia mapya. Nikatafuta sana, mpaka akaachia mkono wangu na kwenda kufungua kompyuta yake.

Sasa ni mwezi wa tatu nimekalia kiti. Kila asubuhi anaingia, ananipa shikamoo, nami kabla ya kuitikia namtazama usoni, nikitafuta. Nataka siku moja tu anionee wivu, ajue unavyouma. Naitikia marahaba, ananitabasamia, na mimi ndiye ninayeumia.